Makumbusho ya vipande ukingoni mwa bahari: Jengo likigawanywa, fedha nazo zigawanywe

ARDHI ya ukingo wa bahari ndani ya jiji ni bidhaa isiyoongezeka. Bandari ya zamani ikihamishwa au maghala yakibomolewa, wateja wa kwanza kujitokeza huwa ni wenye mahoteli, wenye majengo ya ofisi na wenye maegesho ya magari. Anayetaka kujenga hapo jumba la makumbusho pamoja na bustani ya wananchi huwa na kibarua kizito. Lazima aeleze ni nani atalipia ujenzi, ni nani atalipa bili za kila mwezi, na mradi ukikwama katikati wananchi watabaki na nini mkononi.

Jawabu moja ambalo limejaribiwa katika nchi mbalimbali ni kujenga makumbusho kwa vipande. Badala ya jumba moja kubwa, hujengwa mabanda kadhaa yenye vipimo vinavyolingana, yakaunganishwa kwa njia zilizoezekwa, na bustani ikapita kati yake hadi majini. Wasanifu huuita mtindo huu ujenzi wa moduli.

Mtindo huo una faida zake na una gharama zake. Lakini rekodi ya miradi iliyofaulu na iliyoanguka inaonyesha kwamba kugawa jengo kwenye michoro hakutoshi. Mradi hupata nafuu ya kweli pale tu ambapo fedha zake nazo zimegawanywa, kila banda likawa na bajeti yake, tarehe yake na kazi yake.

MODULI NI KITU GANI

Moduli ni kipimo kimoja kinachorudiwa. Msanifu akichagua, kwa mfano, chumba cha mita 8 kwa mita 8, basi nguzo, boriti, paa, madirisha na taa vyote hupangwa kwa kufuata kipimo hicho. Fundi akishajua kujenga chumba cha kwanza, cha pili humchukua muda mfupi zaidi, na vifaa huagizwa kwa wingi kwa bei nafuu.

Jambo hili si geni kwa mwambao wa Afrika Mashariki. Mafundi wa nyumba za mawe za Unguja na Lamu walikuwa na moduli yao, nayo ilikuwa ni boriti ya mkoko. Kwa kuwa boriti hiyo haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikivuka nafasi kubwa, vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa kawaida upana usiozidi mita 3, ingawa urefu uliweza kuwa wowote. Aliyetaka nyumba kubwa aliongeza chumba kingine pembeni, mradi ukuta uliokuwepo uliweza kuupokea mpya.

Siku hizi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza vyumba kiwandani na kuvileta kwa lori. Njia hii ni ya haraka, lakini kinachopita barabarani ndicho kinachopanga ukubwa. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 na upana wa mita 2.44 tu, na upana huo ni mdogo mno kwa ukumbi wa maonyesho, kwani mtazamaji anahitaji kurudi nyuma ili aione picha kubwa au jahazi zima. Njia ya pili ni kujenga papo hapo kwa kufuata kipimo kimoja. Makumbusho mengi huchagua hii ya pili, na kuacha vyumba vya kiwandani vitumike kwa ofisi, vyoo na maduka.

BEI YA KUKATA JENGO

Kabla ya kushangilia, mwekezaji hana budi kupiga hesabu ya kuta. Jumba moja la mraba lenye upande wa mita 60 lina eneo la mita za mraba 3,600 na mzunguko wa ukuta wa nje wa mita 240. Eneo hilo hilo likigawanywa katika mabanda 9 ya mita 20 kwa mita 20, kila banda likasimama peke yake, mzunguko unakuwa mita 720. Sakafu haikuongezeka hata mita moja, lakini ukuta wa nje umekuwa mara tatu.

Kila mita ya ukuta wa nje inapigwa na jua, mvua na upepo wa chumvi. Inahitaji rangi, inahitaji kuzuia joto, na ina pembe za paa ambako maji hupenda kupenya. Mabanda nayo yanahitaji njia za kuyaunganisha, milango zaidi na walinzi zaidi. Kwa hiyo anayedai kwamba ujenzi wa vipande ni wa bei rahisi kwa kila hali hajamaliza hesabu. Kwa mita moja ya mraba, mara nyingi ni ghali zaidi.

Kinachonunuliwa kwa gharama hiyo ya ziada ni uhuru: wa kuanza na kidogo, wa kusimama bila aibu, wa kubadili nia, na wa kufunga banda moja kwa matengenezo huku mengine yakipokea wageni. Kama uhuru huo hautatumika, basi fedha zimepotea bure.

DENMARK: MIAKA 33 YA KUONGEZA

Mfano unaotajwa sana ni Makumbusho ya Louisiana, yaliyoko Humlebæk, mji mdogo wa pwani kiasi cha kilomita 35 kaskazini mwa Copenhagen. Jina hilo halihusiani na jimbo la Marekani. Mwaka 1855, Bw. Alexander Brun alijenga nyumba ya kifahari mahali hapo na kuipa jina la wake zake. Alioa mara tatu katika maisha yake, na wote watatu waliitwa Louise.

Aliyeigeuza nyumba hiyo kuwa makumbusho alikuwa mfanyabiashara. Knud W. Jensen alirithi kampuni ya familia iliyouza jibini kwa jumla, akaiuza mwaka 1956, na mwaka 1958 akafungua milango ya Louisiana. Wasanifu wake, Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert, hawakuibomoa nyumba ya zamani. Waliifanya iwe mahali pa kuingilia, kisha wakanyoosha kutoka hapo ukumbi mwembamba wa vioo unaopita kati ya miti, ukiunganisha vyumba vya maonyesho vya matofali yaliyopakwa chokaa, hadi kwenye mgahawa unaotazama mlango wa bahari wa Øresund. Ng'ambo yake ni Sweden.

Baada ya hapo kazi iliendelea kidogo kidogo. Majengo yaliongezwa mwaka 1966 na mwaka 1971. Ukumbi wa muziki ulifuata mwaka 1976, na bawa la kusini mwaka 1982. Mwaka 1991 ulijengwa ukumbi wa chini ya ardhi uliounganisha ncha mbili za majengo bila kuukata uwanja wa majani ulio juu yake, na mwaka 1994 likafunguliwa bawa la watoto. Kutoka kufunguliwa hadi duara kukamilika ilipita miaka 33. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida yake ilionekana mapema. Louisiana ilianza kama makumbusho ya sanaa ya Kidenmark. Mwaka 1959, baada ya Jensen kuona maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, aliamua kugeukia sanaa ya kisasa ya kimataifa. Lau kama fedha zote zingekuwa zimemwagwa kwenye jumba moja mwaka uliotangulia, mabadiliko hayo yangekuta kuta zimekwisha kupimwa kwa kazi nyingine. Kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa haijajengwa, vyumba vilivyofuata viliweza kupimwa kwa bidhaa mpya.

Jensen alikuwa pia na kanuni ya biashara aliyoilinganisha na sauna, yaani chumba cha mvuke ambacho watu wa nchi za kaskazini hutoka na kujimwagia maji baridi. Maonyesho ya wasanii wenye majina, yanayovuta umati, ni moto. Ya wasanii wasiojulikana ni baridi. Alitaka vyote viwili viwepo kwa wakati mmoja, ili mgeni aliyefuata jina kubwa ajikute pia mbele ya jambo asilolijua. Makumbusho yenye mabanda mengi yanaweza kufanya hivyo kila msimu, kwa sababu umati wa banda moja hauzibi mlango wa jingine.

Katika miaka iliyotangulia ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, Louisiana ilikuwa ikipokea zaidi ya wageni 600,000 kwa mwaka, katika mji ambao bila makumbusho hayo wasafiri wengi wangeupita tu ndani ya treni. Hata hivyo bustani yake, yenye sanamu na mteremko wa majani unaoshuka hadi baharini, iko ndani ya lango. Anayetaka kuketi hapo hulipa kiingilio. Hilo linawezekana kwa taasisi iliyoanza na shamba la mtu binafsi. Kwa ardhi ya jiji ni suala jingine.

HESABU YA RIBA

Sababu inayofanya ujenzi wa hatua kwa hatua uvutie mabenki inaonekana kwa mfano wa kubuni. Chukua makumbusho ya mabanda 3, kila moja likigharimu shilingi bilioni 3, kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Mabanda yote yakijengwa kwa mara moja, deni ni bilioni 9 na riba ya mwaka, kabla ya kulipa hata senti moja ya deni lenyewe, ni bilioni 1.35. Kiingilio kikiwa shilingi 5,000, wanahitajika wageni 270,000 kwa mwaka, sawa na 740 kila siku, kwa ajili ya riba peke yake.

Likianza banda moja, riba ni milioni 450 na wageni wanaohitajika ni 90,000, yaani kama 247 kwa siku. Idadi hiyo shule na watalii wa jiji la kawaida la pwani wanaweza kuifikia. Ile ya kwanza ni ndoto kwa makumbusho ambayo hayajajulikana.

Upande wa pili wa daftari ni kupanda kwa bei. Gharama za ujenzi zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, banda la pili likijengwa baada ya miaka 3 litagharimu kama bilioni 3.57, na la tatu baada ya miaka 6 kama bilioni 4.26. Hiyo ni nyongeza ya bilioni 1.83. Dhidi ya nyongeza hiyo, riba iliyookolewa katika miaka 3 ya kwanza tu ni bilioni 2.7. Hapo kusubiri kumelipa. Lakini bei za saruji na nondo zikipanda kwa kasi inayolingana na riba, faida yote inayeyuka, na anayesubiri anajidanganya.

Zaidi ya hapo, zipo gharama zisizogawanyika. Mabomba makuu, nyaya za umeme, mfereji wa maji ya mvua na ukuta wa bahari hujengwa mara moja, kwa ukubwa wa mradi mzima, hata kama lililosimama ni banda moja. Anayezisahau gharama hizi mwanzoni hulazimika kuichimbua bustani iliyokwisha pandwa.

HELSINKI: VIPANDE KWENYE MCHORO TU

Mfano wa pili ulimalizika vibaya, nao unafundisha zaidi. Mwaka 2014 Taasisi ya Guggenheim ya New York ilitangaza mashindano ya kusanifu makumbusho kwenye bandari ya kusini ya Helsinki, mji mkuu wa Finland. Yalikuja mapendekezo 1,715 kutoka nchi 77. Mwezi Juni 2015 ushindi ulikwenda kwa ofisi ya Moreau Kusunoki ya Paris, pamoja na zawadi ya euro 100,000.

Mchoro huo ulikuwa wa vipande hasa. Ulikuwa na mabanda 9 ya kimo cha chini, yaliyofunikwa kwa mbao zilizounguzwa ili zistahimili hali ya hewa, yakiwa yamezunguka ua na vichochoro vya kupita watu. Kando yake ulikuwepo mnara wa kioo mfano wa taa ya kuongozea meli. Daraja la waendao kwa miguu lilikusudiwa kuunganisha makumbusho na bustani ya umma ya Tähtitorninvuori, iliyoko kwenye kilima cha jirani. Mwananchi angeweza kushuka kutoka bustanini hadi ukingo wa maji bila kukata tiketi.

Hesabu zake zilikuwa kama ifuatavyo. Eneo lote la jengo lilikuwa mita za mraba 12,100, na kati ya hizo 4,000 tu ndizo za maonyesho. Uwiano huo, wa theluthi moja kwa maonyesho na theluthi mbili kwa stoo, karakana, ofisi, mgahawa na njia, humshangaza mwekezaji mgeni, lakini ndio hali ya kazi hii. Gharama ya ujenzi ilikadiriwa kuwa euro milioni 130, sawa na euro 10,700 hivi kwa mita moja ya mraba. Wageni walitarajiwa kuwa 550,000 kwa mwaka, katika jiji lenye wakazi wapatao 600,000 na ushei.

Juu ya yote palikuwepo na ada ya kutumia jina la Guggenheim. Awali ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 30, baadaye ikashushwa hadi milioni 20. Pendekezo la kwanza lilikwisha kukataliwa na bodi ya jiji mwaka 2012 kwa kura 8 dhidi ya 7. Mwaka 2016 serikali kuu nayo ilikataa kuchangia, na mzigo ukarudi kwa jiji na wafadhili binafsi. Usiku wa Novemba 30, 2016, madiwani wa Helsinki waliuangusha mradi kwa kura 53 dhidi ya 32.

Jambo la kuangaliwa ni hili. Jengo liligawanywa mara 9, lakini kilichopelekwa kwenye meza ya madiwani kilikuwa mzigo mmoja: jina moja, ada moja, bajeti moja, na jibu moja la ndiyo au hapana. Diwani aliyeipenda bustani na ukingo wa maji lakini akauogopa mkataba hakuwa na njia ya kupitisha nusu. Gharama za ziada za kuta na pembe za mabanda 9 zilikwisha ingizwa katika makadirio, ila uhuru ambao gharama hizo zilipaswa kuununua haukuwemo kwenye mkataba.

Wala haikuwa kwamba watu wa Helsinki walichoka na makumbusho. Baadaye, kwenye bandari hiyo hiyo ya kusini, uliandaliwa mradi wa makumbusho mapya ya usanifu na ubunifu, unaounganisha taasisi mbili za nchi hiyo zilizokuwepo tayari. Jiji na serikali waliahidi euro milioni 60 kila mmoja, na milioni 30 zikatarajiwa kutoka kwa wafadhili binafsi. Mashindano ya usanifu wake yalifunguliwa mwaka 2024. Fedha hazikuwa pungufu kuliko za mradi uliokataliwa. Kilichobadilika ni nani anachangia na nani anamiliki.

BUSTANI NDIYO DUKA LA KILA SIKU

Mkazi wa mji huingia makumbusho mara moja au mbili kwa mwaka, akiwa na wageni au na watoto wa shule. Bustanini anakwenda kila jioni. Kwa hiyo bustani isichukuliwe kama pambo la kumalizia fedha zilizobaki. Ndiyo inayoleta miguu ya watu, na penye miguu ya watu pana biashara.

Zanzibar inatoa ushahidi wa karibu. Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe iko ukingoni mwa bahari, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kugeuzwa makumbusho ya historia na utamaduni miaka mingi baadaye. Bustani hiyo ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwezi Julai 2009, ikiwa na taa, mifereji, njia za kutembea na mahali palipopangwa kwa wauza vyakula.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika majengo makuu ya kale ufa huo huwa na gharama ambazo haziandikiki kwenye daftari.

Katika miaka hiyo yote ya kufungwa, hakuna tiketi iliyokatwa mlangoni pa jumba. Ng'ambo ya barabara, jioni ilipoingia, meza za mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa ziliendelea kupangwa. Bustani ilibeba mtaa ambao makumbusho yalishindwa kuubeba.

Jumba la kihistoria halikatwi vipande, na hakuna anayeshauri hivyo. Somo ni kwa majengo mapya. Makumbusho yaliyo chini ya paa moja, ufa ukitokea upande mmoja, hufungwa yote. Mabanda yenye misingi yake, nyaya zake na milango yake hufungwa moja baada ya jingine. Na bustani yenye maji, taa na vyoo visivyotegemea makumbusho haifungwi kabisa.

MAJI YA CHINI, CHUMVI YA JUU

Adui wa kwanza wa jengo la pwani ni mawimbi ya dhoruba. Makumbusho ya Sanaa ya Pérez huko Miami, Marekani, yaliyofunguliwa Disemba 2013 ndani ya bustani ya umma kwenye ghuba ya Biscayne, yaliinuliwa juu ya jukwaa lililo juu ya kina cha mafuriko, na magari yakawekwa chini yake. Maji yakija yanakuta magari, hayakuti michoro. Kanuni hiyo ni rahisi kuikumbuka: karibu na bahari, stoo ya vitu vya thamani haiwekwi chini ya ardhi.

Adui wa pili ni chumvi. Hupenya kwenye zege taratibu hadi kwenye nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, na zege likapasuka. Kinga yake ni zege lililoshindiliwa vizuri, tabaka nene la kufunika nondo, na mchanga usiotoka ufukweni. Kwenye jengo la vipande, sehemu ya kuangaliwa zaidi ni maungio, kwa kuwa ndipo maji ya mvua na hewa ya chumvi hukutana.

Adui wa tatu ni unyevu. Vyumba vya kuhifadhia karatasi, nguo na picha hulengwa kuwa na unyevu wa karibu asilimia 50, wakati hewa ya pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi hupita asilimia 70. Kukausha hewa ya jumba zima mchana na usiku ni bili ya umeme inayoweza kulimaliza shirika. Hapa vipande vinalipa. Banda la nyaraka hufungwa na kupozwa. Banda la mitumbwi na mawe huachwa wazi lipitishe upepo. Mgahawa huwa baraza. Kila banda liwe na mita yake ya umeme, ili mhasibu ajue ni lipi linalokula fedha.

Bustani nayo husaidia kazi hii. Mivinje na mikungu hustahimili upepo wa chumvi, hupunguza joto la kuta na kuvunja nguvu ya upepo. Uwanja wa majani ulioinamishwa vizuri hupokea maji ya mvua kubwa kabla hayajafika mlangoni.

MASHARTI YA KUANDIKWA MAPEMA

Kutokana na mifano hiyo, halmashauri au mwekezaji anayeletewa mradi wa namna hii anaweza kudai mambo matano yaandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la msingi.

(a) Bustani na njia ya ukingoni zijengwe kwanza, na zibaki mali ya umma hata kama makumbusho hayatajengwa.

(b) Banda la kwanza liwe makumbusho kamili, lenye mlango, stoo, vyoo na ukumbi wake. Banda linalongoja la pili ili lifanye kazi si moduli, ni jengo lisilokwisha.

(c) Kila banda liwe na bajeti na kura yake, na hatua inayofuata ianze pale tu idadi ya wageni iliyokubaliwa imefikiwa kwa miaka miwili mfululizo.

(d) Viwanja vya mabanda yajayo vionyeshwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza, hata kama kwa sasa ni majani tu. Wananchi wakishazoea kupumzika mahali kwa miaka kumi, watapaona kuwa ni pao, na watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini panachimbwa.

(e) Fungu la matengenezo litengwe kila mwaka kwa kila banda, lisiguswe kwa mishahara wala maonyesho.

Masharti hayo hayamfurahishi kila mtu. Mfadhili anayetaka jina lake juu ya jumba kubwa atasema ni ya kuchelewesha. Mkandarasi atapenda zabuni moja nene kuliko tatu nyembamba. Mwanasiasa atataka utepe ukatwe kabla ya uchaguzi. Lakini ufukwe ukishafunikwa zege haurudi, na deni likishatiwa saini hulipwa hata na ambao hawakuulizwa.

Mwenye mradi akileta michoro yake, swali la kwanza kumwuliza ni moja: fedha zikikatika siku banda la kwanza linapofunguliwa, je, mtoto wa shule atakuwa na mahali pa kuingia, na mama yake atakuwa na mti wa kumngojea chini yake? Kama jibu ni ndiyo, mradi huo unaweza kupelekwa benki.